Wenye mapacha, hii ya kioo mnaielezaje?

BabaWawili
Wakuu, poleni na baridi.

Nina mapacha wa kiume, Kulwa na Doto, miaka miwili na miezi minane. Mimi ni mtu wa Tabora, nimehamia Mbeya kikazi mwaka jana, tunakaa Uyole. Hawa watoto wanafanana mpaka bibi yao akija anawaita wote "nyie". Julai ilipoanza kuuma mke wangu aliwafumia masweta, Kulwa la kijani, Doto jekundu. Bila masweta hayo, mimi baba yao ni sawa na mgeni.

Sasa Jumamosi. Doto kalala chumba cha dada. Kulwa yuko chumbani kwetu mbele ya kabati la nguo, lile lenye kioo mlangoni. Nasikia, "Doto, toka." Kimya. "Doto, toka, tule." Nikachungulia. Ana kipande cha kiazi cha kukaanga, anakisukuma kwenye kioo usawa wa mdomo wa yule wa ndani. Kioo kizima mafuta. Yule wa ndani naye anamsukumia cha kwake. Wakasukumiana hivyo kama wageni wanaogombania kulipa bili. Mwisho Kulwa akachukia, akasema "Kula chako!", akazunguka nyuma ya kabati kumfuata. Nyuma ya kabati kuna ukuta, nafasi ya kupita mende. Akaingiza mkono mpaka begani, ukanasa. Akaanza kulia, na anayemlilia aje amtoe ni huyo huyo Doto.

Doto aliamka kwa kelele, akaja akijifikicha macho, akamtazama mwenzake alivyonasa, akaokota kiazi, akala, akarudi kulala.

Maswali yangu mawili. Mtoto wa umri huu bado hajijui kwenye kioo? La pili, wana maneno yao. Maji ni "misi". Wakikataa kitu, "mma". Halafu kuna "tipo", hilo linaingia kila mahali. Umeme ukikatika, "tipo". Uji ukiisha, "tipo". Mimi nikiingia mlangoni, "tipo". Wao wanaelewana vizuri kabisa, sisi wenye nyumba ndio wageni.

Mwenye uzoefu aseme. Na nyie leteni vya kwenu.

Kisoda
Wa kwanza. Nimekaa na karanga zangu.

MamaPacha_Mafinga
Hongera baba. Mimi wangu ni wa kike, wametimiza mitatu. Ukiuliza nani kamwaga sukari, huyu anasema "Pacha", na yule anasema "Pacha". Wote hawajadanganya. Nimeshindwa hata pa kuanzia kuchapa.

DerevaMlimaNyoka
Mkono umenasa nyuma ya kabati na mwenzako anakula kiazi chako. Huo ndio udugu ninaoujua mimi.

Ulanzi_Baridi
Kamwene wote. Kuna jirani hapa Kihesa ana mapacha, wanapelekwa kwa bibi kila Jumapili. Mmoja anasema "Shikamoo bibi", na kabla bibi hajafungua mdomo mwingine anaitikia "Marahaba". Bibi wa watu anabaki na salamu yake mdomoni. Wamegawana kazi hao, huyu kutoa na yule kupokea, mtu wa katikati hahitajiki.

Kipepeo_Njombe
Hahaha nimecheka mpaka nimeamsha mtu.

Mimi ni shangazi tu, sijajaliwa mapacha, ila mwaka juzi niliachiwa wa kaka yangu wiki nzima. Njombe, mwezi wa saba, unaijua. Jioni nachemsha maji, naita wa kwanza naogesha, navisha, "nenda kaniitie mwenzako". Anakuja mwingine, naogesha. Siku ya tatu naona mmoja ana shingo nyeusi kama sufuria ya kuni, na mwenzake amechubuka kwa kusuguliwa. Kumbe mmoja alikuwa anatoka, anavuliwa nguo na mwenzake huko chumbani, anarudishwa kwangu. Sikuelewa mpaka leo yule wa kuoga mara mbili alikuwa analipwa nini.

Kisoda
@Kipepeo_Njombe walikuwa na miaka mingapi hao?

Kipepeo_Njombe
Minne kasoro. Mwaka gani mtu anaanza utapeli?

NesiWaZamu
Nimetoka zamu ya usiku, nitajibu la kioo kwa kifupi halafu nilale.

Watoto wengi huanza kujitambua kwenye kioo kati ya miezi 18 na 24. Wataalamu wanapima hivi: unampaka mtoto alama puani bila yeye kujua, unamweka mbele ya kioo. Akigusa pua yake, amejua ni yeye. Akigusa kioo, au akimcheka yule wa ndani, bado. Kwa hiyo kwa umri wa Kulwa angepaswa kuwa ameshavuka. Lakini fikiria, pacha wa kufanana ameishi na sura ile ile usoni kwake tangu azaliwe, na sura hiyo inaitwa Doto. Mimi nawe tukiona sura yetu kwenye kioo hatuna mtu mwingine wa kumsingizia. Yeye anaye.

La maneno: kwa wastani mapacha huchelewa kidogo kuongea kuliko mtoto aliyezaliwa peke yake. Wengi huzaliwa kabla ya siku zao, halafu muda wa mama kuongea na mtoto mmoja mmoja unagawanyika. Kila mmoja anamuiga mwenzake, na mwenzake naye hajui. Wanajengana makosa. Usiogope, ila zungumza na kila mmoja peke yake.

BabaWawili
@NesiWaZamu asante dada. Hilo la pua nalifanya leo.

Mwl_Mstaafu
Vijana, hamjambo.

Mnacheka, na mimi nimecheka, ila kwetu Rungwe zamani kuzaa mapacha halikuwa jambo la kuchekea. Bibi yangu alisimulia kuwa baba na mama wa mapacha walitengwa na watu mpaka matambiko na dawa vifanyike, na dawa hiyo iliwahusu ndugu wote, maana hatari iliaminika inagusa ukoo mzima pamoja na ng'ombe. Walikuwa wanaogopwa kwa kuzaa sana kupita kiasi cha binadamu. Leo hayo yameisha, watu wanashonewa sare. Nawaambia tu mjue kuwa macho ya wazee wakiona wawili hayaoni kama ya kwenu.

DerevaMlimaNyoka
Shikamoo mwalimu. Kwa hiyo yule kwenye kioo angekuwa wa tatu?

Mwl_Mstaafu
Marahaba. Usinitie maneno mdomoni.

ParachichiMoja
Tuache uchawi. Mapacha wanatoka ukoo wa baba. Mleta uzi kwenu Tabora lazima walikuwepo, ndiyo maana hata majina Kulwa na Doto mmeyakuta.

Halafu Doto ndiye mkubwa, maana alimtanguliza mwenzake aangalie njia.

Isanzu_Mgeni
@ParachichiMoja makosa mawili kwenye mistari minne.

Kulwa na Doto ni majina ya Wasukuma na Wanyamwezi, yameenea nchi nzima. Kulwa ndiye anayetoka kwanza, Doto anafuata. Anayezaliwa baada ya mapacha anaitwa Shija. Hiyo habari ya kumtanguliza mwenzake umeisikia kwa Wayoruba wa Nigeria. Kwao wa kwanza ni Taiwo, wa pili ni Kehinde, na Kehinde ndiye anayehesabiwa mkubwa, eti alimtuma Taiwo akaonje dunia kwanza.

NesiWaZamu
Nilisema nalala. @ParachichiMoja mapacha wasiofanana wanatokana na mayai mawili, na anayetoa mayai ni mama, kwa hiyo ukoo wa kuuliza ni wa mama. Wa kufanana ni yai moja lililogawanyika, hilo kwa kawaida halifuati ukoo wa mtu, ni bahati tu. Baba hapo ni kama abiria.

BabaWawili
Abiria? Na nauli nimelipa.

MamaPacha_Mafinga
Wangu ukoo wetu hakuna kabisa. Mama mkwe alipoambiwa wawili aliniuliza kama nimehesabu vizuri.

Chapchap_Kabwe
Naendesha bajaji Kabwe kwenda Uyole. Wiki iliyopita mama mmoja amepanda na mapacha, umri huo huo wa miaka miwili hivi, wamekaa kila mmoja upande wake. Njia nzima huyu wa kulia anaona kitu, yule wa kushoto anakitaja. Huyu ananyoosha kidole, "Ng'ombe!" anasema yule ambaye hata hajageuka. Lori, "Lori!" Mbwa, "Mbwa!" Nikamuuliza mama, huyu mwingine haongei? Akasema anaongea akiwa peke yake tu. Wakiwa wawili anaona ni kupoteza pumzi.

Kisoda
Hiyo nyumba ina macho mawili na mdomo mmoja.

BabaWawili
MREJESHO.

Jaribio limefanyika saa kumi na moja jioni. Nikamwita Kulwa (sweta la kijani) kama namfuta kamasi, nikampaka unga wa sembe kwenye ncha ya pua. Hajastuka. Nikamsogeza kwenye kabati. Doto yuko nyuma yetu anavuta kamba ya kiatu changu.

Kulwa ameangalia kioo. Ameinama kidogo. Yule wa ndani naye kainama na unga wake puani. Kulwa kakunja uso, unaona kabisa kuna mawazo yanapita. Mimi nimeshika pumzi. Mkono ukapanda taratibu, nikajua sasa anagusa pua yake...

Akageuka nyuma, akamshika Doto kichwa kwa mkono wa kushoto, akamfuta pua kwa mkono wa kulia. Akamfuta kweli kweli, mpaka Doto akasema "mma! mma!" Kisha akarudi kuangalia kioo kuona kama kazi imefanyika. Unga bado upo. Akamgeukia Doto tena.

Nimewaacha hapo. Tumbo liliniuma.

DerevaMlimaNyoka
Nimesimamisha gari pembeni nicheke vizuri.

MamaPacha_Mafinga
Doto wa watu kafutwa pua isiyo na kosa 😂

NesiWaZamu
Hilo sijawahi kulisoma popote. Amejua kuwa unga hauko kwenye kioo, uko kwenye mtu halisi. Amekosea mtu tu. Kwangu mimi huyo ameshafika robo tatu ya safari.

Ulanzi_Baridi
Mimi naona amefika kabisa. Amejua ni pua yake, ila ameamua Doto ndiye wa kufutwa. Si kuna watu wazima wako hivyo?

Mwakyelu
Nimechelewa, samahani. Nimesoma uzi wote nikisubiri mtu aseme, hakuna. Jamani si mko Mbeya nyie?

"Misi" ni amisi. Maji, kwa Kinyakyusa. "Mma" ni hapana, Kinyakyusa hicho hicho. Hakuna lugha ya siri hapo. @BabaWawili dada wenu wa nyumbani ni wa wapi?

BabaWawili
Kiwira.

Mwakyelu
Ndaga fijo. Kesi imefungwa.

Kisoda
Hahahaha. Baba wa Tabora ameishi na Wanyakyusa wawili ndani ya nyumba bila kujua.

BabaWawili
Subirini. Nimemuuliza dada. Anasema yeye nao anaongea Kiswahili tu, mama mwenye nyumba alimwambia hivyo tangu mwanzo. Kinyakyusa anaongea kwa simu na mama yake, jioni, akiwa anawalisha uji.

Mwakyelu
Akiwa anawalisha uji. Endelea kuuliza maswali.

Isanzu_Mgeni
Kesi haijafungwa. Mleta uzi ni wa Tabora, na amesema bibi anakuja. Kisukuma maji ni minzi, na Wanyamwezi ni ndugu zao. Mtoto asiyeweza "nz" atasema nini? Misi. Bibi alikaa muda gani?

BabaWawili
Miezi miwili, mwaka huu. Na kweli mama akiomba maji anaomba hivyo. Sikuwaza.

Mwakyelu
Na "mma" nayo bibi aliileta na basi?

Isanzu_Mgeni
"Mma" hata mbuzi anaisema. Mtoto akifunga mdomo asilishwe, sauti inayotoka ni hiyo. Haihitaji kabila.

Mwl_Mstaafu
Hapo nampa haki nusu. Lakini mtoto wa Kinyakyusa huisema kwa kuikata, fupi. Baba, wanaikata au wanaivuta?

BabaWawili
Mwalimu, sijawahi kusikiliza kwa kiwango hicho. Nitasikiliza.

Msomaji_Kimya
Huwa sichangii, leo nimeshindwa. Mlichofika sasa kinafanana na kisa cha kweli cha Marekani. San Diego, miaka ya 1970, kulikuwa na wasichana pacha, Grace na Virginia Kennedy. Walikuwa wanaitana Poto na Cabengo, wanaongea haraka lugha ambayo hakuna mtu aliyeielewa, na habari zikaenea kwamba watoto wamezua lugha mpya kabisa. Wataalamu wa lugha waliposikiliza kwa makini wakakuta ni Kiingereza na Kijerumani vimesagwa pamoja. Watoto walikuwa wanashinda ndani na bibi yao anayeongea Kijerumani, watu wa nje hawawaoni. Hali hii hata ina jina, kriptofasia.

Kwa hiyo huenda Mwakyelu na Isanzu wote wako sawa. Sufuria moja, bibi ameweka chumvi, dada ameweka chumvi.

Kisoda
Basi mchuzi umezidi chumvi. Na "tipo" nani kaiweka?

Mwakyelu
Tipo sijui. Si yetu.

Isanzu_Mgeni
Wala si yetu.

Ulanzi_Baridi
Msitutazame sisi Wahehe.

Kipepeo_Njombe
Jamani hili rahisi. Mama yao akiwatafuta anasemaje? "Mpooo?" Na wao wanajibiwa nini? "Tupo." Tupo, tipo. Umeme ukikatika mama yeyote anaita watoto. Mpo? Tupo. Wakaunganisha giza na neno.

BabaWawili
Aisee. Mama yao anaita hivyo hivyo, "Mpooo?"

MamaPacha_Mafinga
Akili kubwa @Kipepeo_Njombe. Na baba akiingia mlangoni naye huuliza "mpo?"

DerevaMlimaNyoka
Na uji? Uji ukiisha nani anaita mpo?

Kipepeo_Njombe
Uji ukiisha... wanamjulisha dada kwamba wao bado wapo. Uji ndio haupo.

DerevaMlimaNyoka
Hiyo umeilazimisha.

ParachichiMoja
Mimi nasema ni "tayari" imeharibika. Tayari, tayi, tipo. Uji tayari, baba tayari, umeme tayari umekatika. Inaingia kote.

Kisoda
Kutoka tayari mpaka tipo umepita barabara gani? Hata kwa bajaji ya Chapchap hatufiki.

Mama_wa_kanisani
Naomba niwatoe kwenye maneno kidogo. Jumapili kanisani kwetu, Moraviani hapa Mbeya, mchungaji ameomba sala ndefu, kanisa kimya. Kuna mapacha wawili mbele yangu mapajani kwa mama yao. Mmoja katikati ya sala akasema kwa nguvu, "Ameni." Mwenzake bila kufungua macho akamjibu, "Bado." Zikapita dakika nyingine. "Ameni?" "Bado." Mchungaji mwenyewe sauti ilianza kutetemeka. Alimaliza haraka sana siku hiyo.

Chapchap_Kabwe
Yule wa "bado" apewe uzee wa kanisa.

ParachichiMoja
Nje ya mada, @BabaWawili hicho kiazi kilikuwa cha Njombe au cha Uporoto? Maana mafuta ya kujaza kioo kizima, hicho si cha Uporoto.

Ulanzi_Baridi
Msianze.

Kipepeo_Njombe
Cha Njombe hakinyonyi mafuta, bibie. Ni mpishi alitia kiazi kabla mafuta hayajachemka.

BabaWawili
Mpishi nilikuwa mimi. Tuendelee na watoto.

Mama_D
Nimejiunga leo kwa sababu ya huu uzi. Nimeonyeshwa na mtu wa kazini, akaniuliza "hawa si wa kwako?" Mimi ndiye mke wa BabaWawili. Habari zenu.

Naomba kurekebisha. Masweta yote mawili niliyafua Ijumaa. Jumamosi asubuhi umeme haukuwepo na dada aliwavisha gizani, akachukua lililomjia mkononi. Nilipofika nyumbani mchana kulikuwa na mtoto wa sweta la kijani mwenye bega jekundu, nikampaka mafuta. Kulwa ana kovu dogo nyuma ya sikio, alijikwaruza akiwa na miezi kumi. Niliyempaka mafuta hakuwa na kovu.

Aliyekuwa kwenye kioo ni Doto. Alikuwa anajiita jina lake.

Kisoda
LAAA. Karanga zimenimwagika.

NesiWaZamu
Ngojeni. Kama ni Doto, basi aliona kioo akasema "Doto". Jibu sahihi kabisa! Mtoto anajitambua, baba ndiye hatambui.

DerevaMlimaNyoka
Anajitambua halafu anaenda kujitafuta nyuma ya kabati?

NesiWaZamu
...

Sawa, hapo sina jibu.

Mwl_Mstaafu
Mtu kujitafuta nyuma ya kabati si jambo geni. Mimi miwani yangu naitafuta nikiwa nimeivaa.

BabaWawili
Mama D, karibu. Ila tusemezane vizuri mbele za watu. Wewe ulikuwa Mwanjelwa sokoni mkono uliponasa. Umerudi saa nane. Katikati hapo walikula, wakamwagikiwa na maharage, nikawavua masweta, nikayafuta, nikawavisha tena. Una uhakika uliyemkuta na la kijani ndiye aliyenasa?

Mama_D
Bega jekundu lilikuwa la nani?

BabaWawili
Wote walikuwa na mabega mekundu. Yule mwingine aliingiza mkono wake nyuma ya kabati baada ya mwenzake kutolewa. Sikuandika hilo kwa sababu lingeharibu mtiririko.

MamaPacha_Mafinga
Uwiii.

Kisoda
Mleta uzi ameficha ushahidi. Hatuwezi kwenda hivi.

Kipepeo_Njombe
Na lile jaribio la unga? Lile alikuwa nani?

BabaWawili
Aliyevaa la kijani.

Mama_D
Hilo nalijua, nilikuwepo. Lile alikuwa Kulwa, nilimwangalia sikio usiku. Ila kitu ambacho baba yao hakukiona kwa kucheka: nilipokuja na kitambaa kumsafisha, Doto alikuwa amejifuta pua yake mwenyewe, halafu akamwonyesha Kulwa kiganja kuwa hakina kitu. Kisha akamwambia "wewe". Kulwa akajigusa pua, akauona unga kidoleni, akaulamba.

NesiWaZamu
Kwa hiyo kioo chake ni Doto.

Ulanzi_Baridi
Au Doto ana akili na Kulwa ana njaa.

Isanzu_Mgeni
Shemeji Mama D, kwenu ni wapi? Tunataka kujua hii "tipo".

Mama_D
Iringa mjini. Kwetu haipo. Na hiyo nadharia ya "mpo, tupo" ni nzuri lakini walianza "tipo" kabla mimi sijaanza kuwaita hivyo. Mimi niliwaiga wao. Walikuwa wanasema tipo, na mimi nikawa nauliza mpo.

Kipepeo_Njombe
Basi mimi narudisha kombe.

Mwakyelu
Dada wa Kiwira aulizwe tena.

Mama_D
Ameulizwa. Anasema alidhani ni Kihehe, akawa anawajibu "tipo" ili asionekane mshamba.

DerevaMlimaNyoka
Nyumba nzima inaongea neno ambalo kila mtu anadhani ni la mwenzake 😂😂

BabaWawili
Mwalimu, nimesikiliza kama ulivyoagiza. "Mma" Kulwa anaikata, Doto anaivuta.

Mwl_Mstaafu
Basi mmoja ni Mnyakyusa na mwingine ni mbuzi wa Isanzu. Mgawane.

BabaWawili
Umeme umekatika sasa hivi Uyole nzima. Naandika kwa simu, chaji iko asilimia tisa. Mama yao amekaa hapa pembeni yangu, nimemziba mdomo kwa mkono ili asiite, tuone.

Kimya. Kimya.

Kutoka chumbani kwa dada, sauti moja: "Tipo."

Nimeuliza gizani, "Nani huyo?"

Wamejibu wote wawili kwa pamoja, "Doto."

Kisoda
Washa tochi uangalie masikio.